Kiti Kimfuate Shofere, Si Shofere Afuate Kiti

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa chama, Butembo. Tumeyaandika vile yalisemwa.



Programu ya leo ni ndefu. Kuna hesabu ya kesi, kuna ripoti ya mikopo, kuna wanachama wapya wa kupokea. Sisi wa komite tuliomba dakika chache mbele ya hesabu ili tuseme juu ya kitu chenye wengine watacheka wakikisikia. Tunataka kusema juu ya kiti. Si kiti cha mkubwa wa serikali, si kiti cha uchaguzi. Ni kile kiti chenye shofere anakalia akiendesha gari. Mucheke kwanza, hakuna neno. Sisi pia tulicheka. Kisha tulikaribia kumnyang'anya mama mmoja kazi yake juu ya kiti, na hapo kicheko kikaisha.

Wengi wenu munajua historia ya gari yetu, lakini wafazili hawaijui yote. Chama hiki ni cha watu wa kurudi. Kuna wenye walikimbia Kamango mwaka 2013, wakavuka mpaka kwenda Bundibugyo, wakaishia katika kambi ya Kyangwali kule Uganda. Kuna wenye walitoka Oicha na Eringeti wakati mauaji yalianza mwaka 2014, wakalala miaka katika nyumba za wandugu hapa Butembo. Tuliporudi, wengine walikuta shamba limekuwa pori, wengine hawakuweza kufika hata shambani. Ndiyo maana tuliweka akiba pamoja, kila juma kidogo kidogo, na wafazili wakaongeza nusu ingine, tukanunua gari moja. Inafanya njia ya Butembo mpaka Beni, kilometa 54, na siku za soko inashuka kutoka Beni mpaka Kasindi, kilometa 80 zingine. Mapato yanaingia katika kesi, na kutoka kesi watoto wanalipiwa masomo, wagonjwa wanalipiwa dawa.

Gari ni Toyota ya zamani, ya vitesi vya mkono, volani iko kuume. Tulimpa kazi mashofere watatu, kila mmoja siku mbili kwa juma. Siku ya Mungu gari inapumzika. Wa kwanza ni mzee wetu mrefu, mwenye aliendesha malori miaka mingi mbele ya vita. Wa pili ni mama wa Oicha, mwenye alijifunza kuendesha akiwa ukimbizini Kampala, na permi yake iko sawa. Ni mfupi, akisimama karibu na mzee, kichwa chake hakifiki begani. Wa tatu ni kijana wa Kamango, mwenye mguu wa kushoto ulivunjika wakati wa kukimbia na ukapona vibaya.

Siku ya kununua gari tuliangalia kila kitu. Tulisikiliza mota, tukafungua maji, tukapiga mipira mateke, tukajaribu fari na honi na freni. Fundi alilala chini ya gari nusu saa. Hakuna mtu hata mmoja aliyejaribu kusogeza kiti. Mzee ndiye alikaa, akaizungusha gari mara moja uwanjani, akasema iko sawa. Kwake ilikuwa sawa, kwa sababu kiti kilikuwa nyuma kabisa. Reli za kiti zilikuwa zimekula kutu, na mwenye gari wa mbele alikichomelea kwa chuma pale pale. Kiti hakiendi mbele, hakirudi nyuma, hakipandi, hakishuki. Tulinunua gari yenye kiti cha mtu mmoja, tukaipa watu watatu.

Baada ya miezi miwili malalamiko yakaanza kufika, na yote yalikuwa juu ya mama. Wasafiri walisema vitesi vinalia akibadilisha. Walisema anakanyaga freni kwa kuchelewa. Walisema anakaa kama mtu anayetafuta sindano, kidevu juu ya volani. Kisha ikafika ile siku ya Kabasha. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, barabara inateleza. Mwenye chukudu alikuwa anateremka na mifuko yake ya makala. Mama akakanyaga freni, gari ikasimama karibu kabisa, urefu wa mkono tu. Mwenye chukudu aliogopa, akajitupa katika mtaro, akachubuka kiwiko, makala ikamwagika yote. Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Lakini wasafiri walishuka wakipiga kelele, na mbele ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Butembo na imenenepa njiani.

Kesho yake komite ilikaa. Mmoja wetu akasema, mwanamke na barabara ya Beni haviendi pamoja. Hatutataja nani, kwa sababu hakuna aliyemkataa. Wengine walitingisha kichwa, wengine walinyamaza, na kunyamaza pia ni kukubali. Tulikuwa tumekwisha kupatana kumpokonya ufunguo. Tulimwita tu kumwambia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wababa, mbele munikamate ufunguo, kila mmoja wenu aje akae pale miye nakaliaka."

Tukaenda katika lupango. Mutunza kesi wetu, mwenye ni mfupi kama yeye, ndiye alianza. Akakaa, akaegemea vizuri, akanyoosha mguu: vidole vyake vilifika kwenye pedali ya ambrayaji lakini haikushuka mpaka chini. Ili ishuke, ilibidi ateleze mbele, aache kuegemea, akae kwenye ukingo wa kiti. Hapo sasa volani ikamgusa kifua. Mama akamwonyesha kitenge chake chenye anakunjaka na kuweka nyuma ya mgongo. Kila shimo la barabara, kitenge kinashuka. Kila mara akikanyaga freni kwa nguvu, hana kitu nyuma cha kumshikilia, kwa hiyo nusu ya nguvu yake inakwenda kumsukuma yeye mwenyewe nyuma, na nusu tu inafika kwenye freni. Vitesi vinalia kwa sababu ambrayaji haijashuka yote. Freni inachelewa kwa sababu mguu unatoka mbali. Yote tuliyoita ubaya wa shofere yalikuwa ubaya wa kiti.

Mutunza kesi alishuka bila kusema neno. Halafu kijana wa Kamango akasema naye. Kumbe kila jioni ya zamu yake anakunywa vidonge vya maumivu, juu ya kunyoosha ule mguu mbaya mamia ya mara kwa siku. Tukamuuliza mzee. Akakataa kwanza. Kisha akasema sifongo ya kiti imekwisha, chuma kinamgusa mfupa wa chini, na asubuhi mke wake ndiye anamfungia viatu kwa sababu hawezi kuinama. Tulimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mwanaume anasema namna gani kama kiti kimemshinda?"

Watu watatu, kiti kimoja, magonjwa matatu. Na kati ya hao watatu, tulitaka kumfukuza yule peke yake mwenye ugonjwa wake ulionekana kwa macho.

Wandugu, hili jambo halikuanza kwetu. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilikuwa na shida kama yetu, lakini katika ndege. Fasi ya kukaa rubani ilitengenezwa kwa vipimo vya mtu wa katikati, na marubani hawakuwa wanaongoza ndege vizuri. Walipima marubani 4,063. Kijana mmoja wa jeshi, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10: urefu, kifua, mkono na vingine vya namna hiyo. Akatafuta ni wangapi wako katikati kwa vipimo vyote 10. Munafikiri alipata wangapi? Hakupata hata mmoja. Mwenye mikono ya katikati ana miguu mirefu, mwenye miguu ya katikati ana kifua kipana. Kiti walichotengeneza kwa ajili ya kila mtu hakikuwa cha mtu yeyote. Ndipo jeshi likawaambia watengenezaji: kiti kiweze kusogea, mikanda iweze kurefushwa, pedali ziweze kumfuata rubani. Hawakufukuza marubani ili wabaki wenye kuenea katika kiti.

Fikirini mushonaji hapa sokoni apime wanachama wote, achukue kipimo cha katikati, atushonee sisi wote suruali ya kipimo kile kimoja. Hatungemlipa. Lakini gari tulilipa.

Sasa kuna wenye watasema: shofere anakaa tu siku nzima, mgongo unaumwa na nini? Mwenye kulima ndiye anachoka. Tulifikiri hivyo hata sisi. Lakini daktari mmoja wa Sweden, Alf Nachemson, alipima jambo hili katika miaka ya 1960. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna vitu laini kama mito midogo. Yeye aliingiza sindano ya kupima katika mto mmoja, ndani ya watu wazima, akaona uzito unaobana pale. Akakuta mtu akikaa bila kuegemea, mto ule unabanwa zaidi kuliko akisimama. Wengine kisha wake walionyesha kwamba ukiegemea vizuri, mgongo umelala kidogo nyuma na kiuno kimejazwa na kitu cha kukishikilia, uzito unapungua. Kumbe mama, kwa kukaa kwenye ukingo bila kuegemea, alikuwa anabeba zaidi kuliko kama angesimama siku nzima.

Ongeza barabara yetu. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa una mwendo wake wa kutikisika, karibu mara nne mpaka sita kwa sekunde moja. Gari ikikutikisa kwa mwendo ule ule, mgongo unacheza nayo, na mtikisiko unaongezeka ndani ya mwili pahali pa kupungua. Gari ya kupita katika mashimo inatikisika kwa mwendo wa namna hiyo. Kazi za kuweka lami kati ya Kasindi, Beni na Butembo zilizinduliwa na marais wawili, wa Kongo na wa Uganda, mwaka 2021, na tunashukuru kwa kila kilometa inayopona. Lakini mgongo wa shofere hauwezi kungojea kilometa ya mwisho. Sifongo nzuri inapunguza. Sifongo iliyokwisha inaacha chuma kigonge mfupa.

Ongeza tena volani ya kuume. Uganda wanapita kushoto, sisi tunapita kuume. Gari nyingi tunazotumia zilitengenezwa kwa nchi za kupita kushoto, zikafika kupitia Mombasa, Kampala na Mpondwe. Shofere wetu anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori, haoni mbele. Sherti ajipinde, atoe kichwa kati ya viti viwili. Fikiri kujipinda hivyo mara ngapi kutoka hapa mpaka Maboya. Ndiyo sababu msafiri wa mbele anakuwa macho yake: "Ngoja! Ngoja! Haya, pita!" Ninyi wenye kukaa mbele, musilale. Ile fasi ni ya kazi. Na wenye kupeleka gari kwa fundi ili volani ihame kushoto, muangalie kisha: je, kiti, volani na pedali vinatazamana? Kama miguu inaangalia huku na mikono inaangalia kule, umenunua ugonjwa mupya.

Sasa, tulifanya nini? Tulikata ule uchomeleaji. Tulipata reli mbili katika gari moja iliyokufa, fundi akazipaka mafuta, akazifunga kwa bulo nne nzito mpaka kwenye chuma cha chini ya gari. Tunasema hili kwa nguvu: kiti kisifungwe kwa vipande vya mbao wala kwa kamba. Siku ya ajali kiti kisichoshikwa kinaruka pamoja na shofere. Tulinunua sifongo ngumu, si ile laini ya matela. Ile laini inafurahisha kwa juma moja, kisha inalala. Mushonaji akafunika kwa kitambaa, tukaachana na plastiki, kwa sababu ile plastiki asubuhi Butembo ni baridi kama jiwe, na saa sita Beni inachoma na kujaza jasho.

Kwa mama tulishona muto mugumu wa kumpandisha, wenye mikaba ya kuufunga chini ili usiteleze. Sasa anaona barabara juu ya volani, hataazami tena kati ya volani na kioo. Kwa kijana, fundi alirekebisha ambrayaji ishike mapema, mguu usiende mbali, na tulibadilisha zamu: yeye anafanya zaidi njia fupi, mzee anachukua Kasindi. Feza yote ilikuwa ndogo kuliko ile yenye watatu hawa walikuwa wamekwisha kuacha kwa muuza vidonge. Mzee mwenyewe ndiye alifanya hesabu hiyo.

Hatutaki kuwadanganya, zaidi ninyi wafazili. Kiti hakikumponya kijana. Mguu wake bado unauma siku za baridi, na labda siku moja atahitaji gari isiyo na ambrayaji. Mzee bado anainama pole pole. Lakini mke wake hamfungii tena viatu. Na vitesi vya mama havilii.

Sasa tuwape namna ya kupanga kiti. Hakuna feza ya kulipa, ni dakika moja tu, na kila shofere anayepokea gari kutoka kwa mwenzake aifanye mbele ya kuwasha.

Kwanza, toa kila kitu katika mufuko wa nyuma. Tunajua mashofere wa kwetu: feza za wasafiri, noti za franga zimefungwa bunda, zote chini ya tako moja. Unakaa umepinda saa sita, kisha unasema umerogwa kiuno. Weka mbele.

Pili, sukuma matako mpaka mwisho wa kiti, nyuma kabisa. Kanyaga ambrayaji, au freni kama gari haina ambrayaji, mpaka chini. Goti lisinyooke kabisa; libaki limekunjika kidogo. Kama linanyooka, leta kiti mbele. Kama goti linagonga volani, rudisha.

Tatu, egemeza kiti nyuma kidogo tu. Usisimame kama askari, usilale kama mtu wa likizo. Nyoosha mkono juu ya volani: kiwiko cha kiganja kiweze kulala juu yake bila bega kutoka kwenye kiti. Kama gari iko na puto la ajali ndani ya volani, kati ya kifua na katikati ya volani ibaki angalau santimetri 25, kwa sababu puto linatoka kwa nguvu.

Nne, kama kiuno kinabaki wazi, jaza na kitambaa kilichokunjwa, lakini kifunge kwenye kiti. Na kile cha kushikilia kichwa kipandishe mpaka juu yake iwe sawa na juu ya kichwa chako. Kikibaki shingoni, siku ya kugongwa nyuma kinavunja pahali pa kusaidia.

Tano, mukaba. Mkaba wa kupita begani na kiunoni ulitengenezwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na umeokoa watu wengi sana. Lakini nao sherti ukae fasi yake: katikati ya bega, usikate shingo; chini juu ya mifupa ya nyonga, usikae juu ya tumbo. Mama mwenye mimba asiuache. Apitishe ule wa chini chini ya mimba. Tunawakumbusha wamama zaidi kwa sababu kwa miaka mingi magari yalijaribiwa katika ajali za majaribio zaidi na sanamu ya mwanaume wa santimetri 175 na kilo 78. Gari haikufikiria mama wa Oicha. Sherti sisi tumfikirie.

Mwisho, kila saa mbili shuka, tembea, jinyooshe. Tunajua mutajibu nini: njia zetu si za kusimama ovyo. Ni kweli. Usisimame porini. Simama fasi yenye watu: Maboya, Bulongo, Lume. Dakika tano za kununua ndizi zinatosha.

Na ninyi wamotari, musifikiri hamuhusiki. Ninyi ndio wengi katika chama hiki. Ukipakia wasafiri watatu, wewe unakaa juu ya tanki, mikono imekunjika, mgongo umepinda, na hauwezi kuzungusha gido vizuri. Tunajua feza ya msafiri wa tatu ni chakula cha jioni, hatutajifanya kama hatujui. Lakini muhesabu pia feza ya siku tatu za kulala nyumbani. Kiti cha mota nacho kinatobolewa na kujazwa sifongo upya. Leteni kwa mushonaji wetu; kwa wanachama atafanya kwa bei ya chini, tumekwisha kupatana naye.

Tunafika mwisho. Komite inaomba mkutano upitishe mambo matatu. La kwanza: mkopo wowote wa gari au mota, kiti kiangaliwe pamoja na mota na freni. Kiti kisichosogea, hakuna mkopo mpaka kitengenezwe, na gharama iingie ndani ya mkopo. La pili: chama kikipanga zamu, kila shofere akae katika gari ile mbele ya kuandika jina lake. La tatu: shofere akilalamikiwa, mtu wa kwanza kuitwa awe fundi, si komite.

Kwenu wafazili tuna ombi moja. Katika karatasi za ripoti munatuuliza magari mangapi, wasafiri wangapi, mapato kiasi gani. Tutaendelea kujibu. Lakini mutuongezee mustari mmoja: mashofere wako namna gani? Kama kuna feza ya mipira na mafuta, iwepo na kidogo ya viti. Tulirudi kila mtu na mwili wake vile ukimbizi ulimwachia. Wengine mguu, wengine mgongo, wengine masikio. Kazi yenye inataka mwili mzima peke yake itatuacha wengi nje.

Na kuna neno la mwisho kabisa, lenye halikuandikwa katika programu. Mwenye chukudu wa Kabasha tulimtembelea, tukamlipa makala yake, tukakunywa naye chai, mambo yakaisha. Lakini kuna mtu mwingine tuliyemkosea, na yeye tulimhukumu katika chumba kilichofungwa. Si haki kumwomba msamaha vile vile katika chumba kilichofungwa.

Mama, uko pale nyuma, simama watu wakuone. Sisi komite, wote tuliokuwa katika kile chumba, wenye walisema na wenye walinyamaza, tunakuomba msamaha mbele ya chama na mbele ya wageni. Tulisema haujui kuendesha, na wewe uliendesha miezi miwili katika kiti chenye sisi hatukuweza kukaa dakika tano. Ufunguo ni wako, zamu yako ni ile ile, kesho asubuhi saa kumi na mbili. Mzee ameacha gari na mafuta.

Na kiti kimerudishwa nyuma, kwa miguu yake. Usisahau kukivuta.